Siku Nilizomkana Mume Wangu

Jina langu ni Ndinda, fundi wa nguo katika soko la Matiliku, na moyo wangu unasikika. Pasta akinyamaza katikati ya maombi, anayeketi karibu nami husikia tk, tk, tk, kama saa ya mkono iliyofungiwa sandukuni. Ni mlango wa chuma, yaani vali ya moyo, niliowekewa Nairobi miaka ya themanini, nikiwa na miaka thelathini na minne. Watu huniuliza sana kuhusu huo mlango. Kuhusu siku sita zilizofuata upasuaji hakuna anayeuliza, na wale waliokuwepo walinyamaza, wengine kwa kunihurumia, wengine kwa kuniogopa. Mimi naandika kwa ajili ya yule ambaye leo ameketi kando ya kitanda cha mgonjwa wake, na mgonjwa anamtazama kama mtu asiyemjua.

Ugonjwa wenyewe ulinikuta kwenye cherehani. Nilikuwa nikikanyaga mshono mmoja tu, pumzi inakatika kama nimepanda kilima cha Nzaui na mzigo wa kuni. Jioni viatu vilikataa kuingia miguuni. Nililala nimeketi, nimeegemea gunia la mahindi, kwa sababu nikilala chali nilihisi ninazama. Mama mkwe wangu alifikiri nina mimba. Musyoka, mume wangu, hakusema kitu. Yeye ni seremala, na maneno yake ni machache. Siku moja alifunga karakana mapema, akanipandisha basi, akanipeleka kwa daktari.

Kliniki ya moyo huko Nairobi ilikuwa na mabenchi marefu ya mbao. Jina la mtu likiitwa, sisi wengine tulisogea nafasi moja, benchi baada ya benchi, tangu asubuhi. Kwa miguu iliyovimba ulijua nani amekuja mara ya kwanza na nani ni mwenyeji. Siku moja tulisogea, na mzee aliyekuwa kulia kwangu hakusogea. Nikamgusa bega, nikamwambia, "Mzee, ni zamu yetu." Alikuwa ameshika kadi yake vizuri, kofia magotini, macho wazi kidogo. Walipomwondoa, tulisogea na kuijaza ile nafasi, kwa sababu benchi halikai na pengo. Nilikaa mahali pake. Bado palikuwa na joto.

Niliwekwa kwenye orodha ya kupasuliwa mbaazi zikitoa maua, nikaitwa mwaka uliofuata mwezi wa saba, zikiwa karibu kuvunwa. Asubuhi ya kupasuliwa Musyoka alitembea kando ya kitanda cha magurudumu mpaka walipomzuia.

"Mama Mwende," aliniambia. Mwende ni binti yetu, wakati huo alikuwa na miaka tisa. "Ukiamka utanikuta."

Niliamka, na kweli nilimkuta. Siku hiyo ya kwanza nilikuwa na akili zangu zote. Daktari aliniuliza jina na mwezi, nikajibu. Nilishukuru Mungu. Kama uliambiwa mgonjwa wako ameamka salama, halafu kesho yake ukasikia anaongea na ukuta, usidhani walikudanganya. Kwangu pia ilianza siku ya pili.

Ilikuwa mchana, jua limejaa dirishani. Wanawake waliingia kwa mlango wa wodi. Walikuwa wameinama, ukanda wa ngozi kipajini, mitungi mgongoni, vile tulivyobeba maji tangu utoto. Kwa jinsi walivyoinama sikuona nyuso zao. Wala sikushangaa kuwaona. Kilichonishangaza ni kwamba miguu yao haikulia sakafuni, na sista alipopita katikati ya foleni yao hakumpisha hata mmoja.

Wa kwanza alipiga magoti kando yangu. Akatoa kipande cha kibuyu, akaanza kuchota kifua changu, kama tunavyochota mchanga wa mto mkavu tukitafuta maji. Hakukuwa na maumivu. Nilisikia tu mchanga ukikwaruzwa, na ukimwagwa kando, na ukikwaruzwa tena. Wengine walingoja nyuma yake, wamenyamaza, kila mmoja na mtungi wake.

"Bado," alisema kwa Kikamba, sauti ya mwanamke mzima asiye na haraka. "Maji yako chini."

Nililala bila kujitikisa. Niliogopa kwamba wakiyafikia watachota wote, na waliokuja nyuma yao, na waliokuja nyuma ya hao, mpaka niishe.

Sista wa wodi alikuwa mwanamke mrefu wa Kisii, mpole. Nilimwita nikamnong'oneza, "Waambie wasichimbe karibu na mshono."

Alitazama pale nilipoonyesha. "Wako wangapi?"

"Kumi na mmoja."

Akaandika. Leo najua alikuwa akiandika hali yangu ili daktari aisome. Lakini siku hiyo, nilipomwona ameandika hesabu yao, nilijua kwamba hata yeye anawaona.

Saa saba, saa ya kuona wagonjwa, aliingia mtu amevaa koti la Musyoka.

Mimi ni fundi, kwa hivyo nitaieleza kwa njia ninayoijua. Mteja hukuletea nguo uinakili. Unapima bega, unapima mkono, unapima kiuno, kila kipimo ni sawasawa, halafu akiivaa unaona haikai. Huwezi kusema kosa liko wapi. Ndivyo alivyokuwa mtu huyo. Alikuwa na kovu la Musyoka kwenye nyusi, na ukucha wa kidole gumba mweusi wa kupigwa na nyundo. Lakini hakukaa.

"Mama Mwende, umeamkaje?"

"Koti umelitoa wapi?"

Alicheka kidogo. "Si ni langu?"

"Musyoka yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Nilielewa kwamba hataniambia alichomfanya, na kwamba nikiendelea kuuliza atanifanya hivyo hivyo. Alipotaka kunilisha uji nilifunga meno.

Siku ya tatu walikuja wageni wa kanisa, pasta wetu na akina mama wawili waliotoka Matiliku alfajiri. Niliwafurahia sana. Nilidhani nimepata mashahidi.

"Pasta," nilisema, na wanasema sauti yangu ilikuwa tulivu kabisa, "huyu mtu amemuua mume wangu. Amemzika ndani ya karakana, chini ya vumbi la mbao. Piteni polisi kabla hamjapanda basi."

Akina mama walirudi nyuma hatua moja. Musyoka alisimama pale na chupa ya uji mkononi. Pasta ni mtu mwema, na alifanya alichokijua: aliniwekea mkono kipajini, akaanza kukemea pepo. Mimi nilihisi ukanda wa ngozi umekazwa kichwani. Nikajua sasa ni zamu yangu kubebeshwa mtungi. Nikapiga kelele, nikang'oa dripu, damu ikaruka mpaka kwenye Biblia yake. Walinishika watu wanne. Walifunga mikono yangu kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda nisije nikaupasua mshono, na wageni wakatoka bila kuaga.

Yaliyotokea nje ya mlango Musyoka alinisimulia baadaye. Sista alimfuata kwenye ukumbi, akamkuta ameegemea ukuta.

"Baba, usikilize. Si wazimu, na mimi sijui mambo ya mapepo. Tumewaona wengine waliopasuliwa moyo wakiwa hivi. Inakuja, halafu inaondoka."

"Lini?"

"Siku kadhaa. Wakati mwingine zaidi. Usibishane naye. Kaa tu, aone mtu yule yule, saa ile ile."

Yaliyofuata sista hakumfundisha. Yalitoka kichwani mwa Musyoka mwenyewe, mtu yule ambaye kwa siku nzima hasemi maneno ishirini. Siku ya nne aliingia saa saba, akavuta kiti, lakini hakukaa. Aliuliza kwanza kama anaweza kukaa. Kisha akasema:

"Ni kweli, mimi si Musyoka. Musyoka amechelewa. Amenituma nikae na wewe mpaka afike."

Nilimtazama sana. "Kama amekutuma, amekuambia nini?"

"Ameniambia hupendi uji wenye sukari."

"Hilo hata sista analijua."

Akafikiri. "Ameniambia ulimshonea suruali ya harusi, mguu mmoja ukazidi mwingine. Na kwamba aliona, akaivaa hivyo hivyo, na hajawahi kukuambia."

Nikacheka. Kucheka na kifua kilichofungwa kwa waya ni adhabu, lakini nilicheka, kwa sababu miaka yote hiyo nilidhani hakuona. Nikafungua mdomo, akanilisha. Yule mtu wa kutumwa nikamkubali.

Wanawake hawakuondoka. Waliendelea kuchimba upande wa pili wa kitanda, na yeye aliketi upande huu akimenya chungwa. Nilimwonea huruma. Nilimuuliza, "Na wewe, kwenu hawakungoji?"

"Wananingoja," alisema, akatoka nje kidogo.

Siku ya tano nilimwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mume wangu. Kwa mgeni ni rahisi. Miaka minne baada ya Mwende kuzaliwa tulipata mtoto wa kiume, akazaliwa amekufa. Mimi nilibaki hospitali ya misheni na homa, Musyoka akaenda kumzika. Majirani waliniambia kwamba mchana ule ule alionekana karakanani akipiga randa, na kesho yake pia. Niliporudi hakumtaja mtoto, wala hakulia.

"Mambo haya usimwambie akija," nilimwambia yule mtu. "Lakini tangu siku hiyo naishi naye kama jirani. Nadhani nikifa atapiga randa."

Alikaa na chungwa mkononi bila kulila. Mwishowe akasema, "Alikuwa anatengeneza sanduku la mtoto. La kwanza halikunyooka. Akatengeneza la pili, nalo akaona kona moja imekaa vibaya. La tatu ndilo alilomzikia."

"Amekuambia?"

"Ameniambia."

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Sijui," alisema. "Mimi nimetumwa tu."

Siku ya sita, jua likiwa pale pale dirishani, kuchota kukakoma. Yule mwanamke wa kwanza aliinua kibuyu, akakitazama ndani. "Funikeni," aliwaambia wenzake. Wakaurudisha mchanga kwa viganja, taratibu, wakausawazisha vizuri kama hapakuwahi kuchimbwa, wakajitwisha mitungi. Kama ilikuwa imejaa au mitupu sijui. Walitoka mmoja mmoja. Nilitamani kuuona uso wa yule wa mwisho. Alipofika mlangoni alisimama kana kwamba amejua, akageuka nusu, akauvuta ukanda chini mpaka ukafunika macho. Halafu akaenda. Nimemfikiria huyo zaidi ya wengine wote.

Nililala usingizi wa kweli. Nilipofumbua macho, Musyoka alikuwa akiingia na koti lake, nalo lilimkaa.

"Baba Mwende," nilisema. "Umefika lini?"

Alisimama katikati ya wodi.

"Sasa hivi," alisema.

"Kulikuwa na mtu hapa. Mtu mzuri."

"Tumekutana mlangoni."

Nilirudi nyumbani mwezi wa nane mwishoni, watu wakipura mbaazi. Mwili niliorudi nao haukuwa wangu. Nywele zilitoka kwa mafungu. Mikono ilitetemeka hata sikuweza kutunga uzi kwenye sindano. Siku ya kwanza niliyopata faragha niliutazama mshono kwenye kioo kwa jicho la fundi, kutoka chini ya shingo mpaka juu ya tumbo, nikaona katikati wameruka kidogo. Nililia, si kwa uchungu. Nilikuwa nimeona kwamba mtu aliyenishona alikuwa mtu tu, mwenye mikono kama yangu.

Habari ilikuwa imetangulia kufika sokoni. Ilisemwa Ndinda amerudi na kitu ndani yake. Wateja waliweka vitambaa mlangoni na kuondoka. Mwende alikuwa amezoea kulala kwa bibi yake, na jioni aliyokuja kwangu mara ya kwanza alijilaza kando yangu, kisha akaruka kama amekanyaga moto. "Mama, kuna mtu anagonga ndani!"

Nilimwambia ni mlango mpya, kwamba kila ukifunga unapiga. Hakuamini. Ilimchukua mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja kuja kuweka sikio na kuhesabu, akafika mia mbili akalala.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mgumu. Nilikuwa nimemwita mwanawe muuaji mbele ya watu. Alileta akina mama wa maombi na mzee mmoja ambaye hakuwa wa kanisa letu wala la mtu yeyote, wakaketi uani wakitaka niombewe siku tatu bila kula. Nilikuwa mlangoni nimejifunika shuka, siwezi hata kusimama sawasawa. Musyoka alitoka karakanani na vumbi la mbao kichwani.

"Mwaitu," alimwambia mama yake, ndivyo tunavyowaita mama zetu, "aliyeitwa muuaji ni nani?"

"Ni wewe, mwanangu."

"Na mimi nimekaa naye siku zote hizo. Sina neno naye. Ninyi ambao hakuwataja mna neno gani?"

Yule mzee alikuwa wa kwanza kuchukua fimbo yake. Mama mkwe alikaa mwezi mzima haongei nami, kisha siku moja nikakuta bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mezani, limefunikwa, bado moto. Ndivyo anavyoomba msamaha yule mama, na nilikula yote.

Jambo moja lilibaki linanisumbua. Sikujua ni lipi niliambiwa na lipi niliota. Jumamosi moja mchana, tukila, nilimuuliza Musyoka:

"Yale mambo ya masanduku matatu. Niliota?"

Aliacha kutafuna. "Hukuota."

Akanishika mkono, tukavuka ua mpaka karakanani. Akanyoosha kidole juu, kwenye mbao za paa. Palikuwa na magunia mawili yamefungwa kamba, madogo, yenye pembe kama masanduku, yameshika vumbi la miaka. Nilikuwa nimeingia humo mara ngapi kumletea chai! Hakuyashusha, nami sikumwomba. Tulisimama tumeinua shingo. Hapo ndipo aliponieleza habari yake. Alisema siku ya nne, kabla hajaja kuniambia kwamba ametumwa, aliingia kunawa uso kwenye choo cha wanaume pale hospitali, akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. "Nilikuwa nimeitwa mtu mwingine siku mbili mfululizo," alisema. "Nikaanza kutafuta kwenye uso wangu kile ulichokuwa unakiona. Na kilianza kuonekana." Akaogopa, akaja kwangu haraka. Aliona heri akubali kuwa mtu mwingine kwa hiari yake kuliko kugeuzwa.

Kwa hivyo wewe unayekaa na mgonjwa, nakuambia, hata wewe utaguswa. Tafuta mtu wa kukuita kwa jina lako kila siku.

Mvua iliponyesha sawasawa nilijaribu cherehani, nikakanyaga pindo moja la sketi ya shule, na pumzi ilikuwepo. Mwaka uliofuata niliomba nafasi ya kutoa ushuhuda kanisani. Pasta alisita, kisha akanipa. Nilisema yote, wanawake, kibuyu, polisi. Nilimwomba Musyoka msamaha kwa sauti, naye aliinamisha kichwa kama ndiye aliyekosa. Wale akina mama wawili waliokuja Nairobi walitazama sakafu.

Ibada ilipokwisha, mwanamke nisiyemjua alinifuata chini ya ukuta wa kanisa. Alisema anauza vitunguu kando ya barabara kule Kambu, na alikuwa amekuja tu kumwona dada yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi.

"Baba yetu alipasuliwa nyonga," alisema. "Alipoamka akatuita wezi. Sisi watoto wake. Mama akasema ni kiburi cha shetani. Akawa anashika kikombe cha maziwa mbali, anamwambia, nitaje jina kwanza. Hakulijua. Tulifanya hivyo siku nne."

"Ikawaje?"

"Alikufa." Akakunja leso yake, akaikunjua. "Wewe ulikuwa huko alikokuwa. Niambie ukweli. Huko ndani alitujua hata kidogo?"

Ningeweza kumdanganya, lakini alikuwa ametaka ukweli. Nikamuuliza, "Katika siku hizo hakuna aliyempa kitu?"

"Mimi nilimpa. Kwa kijiko, mama alipotoka nje. Mara tatu, nne. Niliona aibu, kama ninalisha adui."

"Naye alisemaje?"

"Alisema, asante, msichana. Jina langu hakulitaja."

"Basi alikujua vya kutosha," nilimwambia.

Tulikaa pale mpaka ua wa kanisa ukabaki mtupu. Kisha akajifunga leso, akanipa vitunguu vitatu kutoka kikapuni, akashuka kwenda kituoni kungoja gari la Kambu.